Mstari Chini ya YAH

Jumatatu, 13 Julai 1998

Baridi kali. Upepo umevuma tangu alfajiri, karatasi mbili za mteja zimekimbia mpaka kwa fundi viatu. Nimezipata. Namshukuru Mungu hazikuwa za siri.

Habari mbaya sasa. Coleta amefungua. Ng'ambo ya barabara, anatazamana kabisa na baraza langu, pale palipokuwa na duka la mbegu. Kibao cha bluu: HUDUMA ZA KOMPYUTA. Kimepigiwa mstari. Nilivuka kwenda kuukagua. Ni wa rangi na brashi tu, lakini umenyooka.

Huyu Coleta namfahamu tangu akiwa binti mdogo wa Kasense, akileta maziwa mjini. Alikwenda Mbeya kusoma, amerudi na kompyuta moja, printa moja na kiti kinachozunguka. Ameniamkia vizuri sana, shikamoo baba, na kichwa kainamisha. Nimeitika marahaba kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Wasiwasi ninao. Tangu nilipopunguzwa kazini mwaka tisini na nne, mimi na mke wangu Getruda tunakula kutokana na taipureta hii. Niliinunua kwenye mnada wa ofisi ileile iliyonipunguza, maana mle ndani hakuna aliyenizoea kuliko mashine hiyo. Wanaojua kuchapa ni wengi. Kupiga mstari niko peke yangu. Mji mzima unajua kwamba barua ya kiofisi ambayo YAH yake haina mstari ni sawa na mtu aliyeingia ndani bila hodi. Mimi naandika kichwa cha barua, nairudisha rola mpaka mwanzo, nabana kitufe cha herufi kubwa, kisha natembea herufi moja baada ya nyingine, tak, tak, tak, nguvu ileile kila pigo. Mistari miwili kwa barua ya kuomba. Mmoja kwa barua ya kulalamika, kwa sababu mlalamikaji hatakiwi kuonekana amejipamba.

Saa nne akaja mzee Malimi, mwenyekiti wa wafugaji wa Mtowisa. Msukuma mrefu, mpole. Alikuwa amejifunga shuka mbili juu ya koti. Kwao bondeni ni joto, huku juu kwetu meno yanamgongana. Shida yake ni josho la kuogeshea ng'ombe. Josho lao limekufa mwaka wa pili huu, kupe wamejaa, homa ya ndigana inawamaliza ndama. Msimu huu peke yake zizi lake limepoteza kumi na wanne. Sasa kuna mradi utakaofufua josho moja tu kwa bonde zima, na maombi yanapokelewa mpaka Ijumaa saa sita mchana, barua ya kurasa tatu, nakala tatu, zote halisi.

Nikamvutia kiti. Nikafuta kiti. Akakaa, akashukuru, akaniuliza yule binti wa kompyuta anapatikana wapi.

Nikamwonyesha kwa kidole. Kilinyooka chenyewe kabla sijakikataza.

Hata hivyo nashukuru. Nimemwona mpinzani wangu nikiwa bado na nguvu.


Jumanne, 14 Julai

Upelelezi! Nilivaa tai ili nifanane na mteja. Nikachukua barua yangu ya mwaka themanini na tisa ya kuomba kiti kipya ofisini (haijajibiwa) nikamwomba Coleta anichapie upya.

Mle ndani kuna vuguvugu zuri. Anachapa kwa vidole vyote kumi, hilo sikatai. Alipofika kwenye YAH nikasogea karibu. Nilitaka kumwona anavyorudi mwanzo. Hakurudi. Alishika kidude wanachokiita mausi, akakiburuta mezani, maneno yote ya kichwa yakageuka meusi, akabonyeza vitufe viwili. Mstari ukatokea. Mzima! Mwanzo na mwisho wake vilifika pamoja.

Nikamwuliza amepiga mara ngapi. Akasema mara moja. Herufi thelathini na nane, mara moja.

Kisha akafanya jambo lililoniuma zaidi. Alibonyeza vilevile tena, na mstari ukaondoka. Hakuna doa. Hakuna ule unga mweupe wa kufutia. Akaurudisha. Akauondoa. Akaniuliza kwa heshima zote kama ninaupenda ukiwepo au usipokuwepo. Miaka ishirini na sita ninapiga mistari, na sijawahi kuulizwa swali la namna hiyo. Mstari wangu ukishapigwa umepigwa. Ndiyo maana najiuliza kabla ya kupiga.

Akanikaribisha nijaribu mwenyewe. Nikajaribu kama fundi. Nikarudi mpaka mwanzo wa YAH, nikabana kitufe cha herufi kubwa, nikapiga alama ya mstari. Herufi zikasogea kulia. Nikapiga tena, zikasogea tena. Nikadhani zinanipisha. Nikaendelea, nguvu ileile, pigo thelathini na nane, na nilipoinua macho mstari wangu umenyooka vizuri sana chini ya hewa tupu. Ombi langu la kiti lilikuwa limesukumwa mpaka ukingoni na nusu yake imeangukia chini.

Coleta alifunika mdomo kwa kiganja. Akanieleza kwamba kwenye kompyuta mstari hauandikwi, bali neno linaambiwa livae mstari. Nikamwambia neno haliambiwi, neno linapigwa. Akabonyeza kitu, fujo yangu yote ikafutika kama sikuwahi kuingia humo. Hata kama nimeudhika, nilimshukuru. Si kila mtu anafutiwa fujo yake mbele ya macho yake bila kutolewa maneno.

Nikatoka na barua yangu mpya. Barazani nikaigeuza, nikapitisha kidole gumba mgongoni mwake.

Laini. Laini kabisa, huusikii mstari hata kidogo.

Hapo akili ikafunguka. Ahsante sana, Coleta.


Jumatano, 15 Julai

Siku kubwa. Naandika haraka.

Fundisho langu ni hili. Barua ya taipureta ukiigeuza na kupitisha kidole, mstari unausikia. Una vijikovu. Enzi zetu masijala tulitofautisha nakala halisi na ya kaboni kwa kidole tu, wala hatukuwasha taa. Barua ya kompyuta haina kovu. Kwa hiyo si halisi. Sikusema uongo. Nilisema ya mwaka sabini na sita kana kwamba ni ya leo.

Mzee Malimi alikuwa anatoka kwa Coleta na bahasha kifuani, nakala tatu zimekamilika, na mistari yake chini ya YAH na chini ya kila kichwa kidogo. Nikamwita. Nikamweleza. Nikamwomba apitishe kidole chake kwenye barua yangu, kisha kwenye yake.

Alinielewa mara moja, kuliko nilivyotegemea. Alisema kwao ng'ombe wanachomwa chapa, na chapa isiyosikika kwa kidole si chapa, mwizi ataifunika kwa tope na ng'ombe amekwenda. Alirudia mara mbili. Kisha akarudi kwa Coleta, mwenyewe, akamwomba aitoe mistari yote kwenye barua ili mzee Tadei, yaani mimi, aiweke ya kweli.

Coleta aliitoa kabla shuka la mzee halijatulia begani. Akachapa upya nakala tatu, za kwanza akazichana zisichanganyike. Alisimama mlangoni akaniangalia kwa muda, lakini akanipungia mkono. Nikampungia.

Kazi ilikuwa ngumu kidogo. Rola yangu ina meno, inapanda hatua kwa hatua, na mistari ya kompyuta haijui meno hayo. Nikiweka karatasi, maneno yanaangukia katikati ya hatua mbili. Nikiteremsha, yanashuka mno. Nikipandisha, yanapanda mno. Upepo nao unaishika karatasi kwa nyuma. Nikachagua hatua iliyokuwa karibu zaidi. Nikapiga. Mistari miwili kila kichwa, kwa sababu ni barua ya kuomba.

Mstari umepanda kidogo. Nasema ukweli humu ndani maana hakuna anayesoma. Badala ya kukaa chini ya maneno umepita palepale yalipo. Lakini ukiishika barua mbali, mkono ukiwa umenyooka, ni mstari mzuri sana, na ukisharuhusu wa kwanza huwezi kuibadilisha mingine, itaonekana hukuwa na mpango. Vichwa saba mara nakala tatu. Vyote nimevipiga kwa usawa.

Mzee Malimi alipitisha kidole mgongoni mwa kila ukurasa. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu apande huku. Akaenda mwenyewe kuikabidhi kwa Enock, karani wa mradi.

Nimshukuru nani? Wote. Coleta kwa karatasi, Mungu kwa kidole gumba.


Alhamisi, 16 Julai

Asubuhi nilikuwa mtu mwingine. Watu wawili walikuja kuuliza habari za kovu. Nikaagiza chai na kitumbua.

Wakati wa chakula cha mchana nikamwonyesha Getruda karatasi moja ya ziada ya mzee Malimi niliyojaribia kwanza, nikabaki nayo. Tulikuwa na ugali wa ulezi na migebuka ya ziwani. Getruda aliitazama, akaweka tonge chini. Akaniuliza kwa nini nimeyakata maneno ya mzee wa watu. Nikamwambia sijakata, nimepigia mstari. Akasema kwenye daftari la jumuiya aliyehama au aliyefariki anapigwa hivyo hivyo, na ya kwangu ni miwili, kana kwamba marehemu alifariki mara mbili. Nikamwambia mambo ya ofisi hayafanani na ya jumuiya. Akala.

Saa tisa mzee Malimi akasimama mbele ya baraza. Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa na hasira.

Enock alikuwa amemtafuta soko zima. Alimwonyesha barua. Alimwuliza, kwa upole, kwa nini wana-Mtowisa wameleta ombi na kulifuta wenyewe. YAH: OMBI LA KUFUFULIWA JOSHO, imekatwa kwa mistari miwili. IDADI YA MIFUGO, imekatwa. HASARA TULIYOPATA, imekatwa. Yeye ameiweka kwenye jalada la walioghairi, maana hajawahi kuona watu wanaoghairi kwa unadhifu wa namna ile, akafikiri ni uamuzi wa mkutano.

Mzee Malimi alinieleza yote haya polepole. Kisha akakaa kwenye kile kiti nilichomfutia Jumatatu, akaniambia maneno machache ambayo sitayasahau.

"Mzee Tadei, mimi sijui kusoma vizuri. Niliamini kidole changu na wewe. Wale ndama hawajui mambo ya mstari."

Nilitamani kupasuka kwa aibu. Nina ng'ombe mmoja tu, tena wa Getruda, lakini najua ndama akishaanza kupumua kwa shida anavyokutazama. Nilijiona mdogo. Barua ilinipita mikononi ikiwa nzima na ikatoka imeuawa, na aliyeiua ni mimi, kwa fahari tu, ili binti wa watu asinizidi mstari.

Jambo moja la kushukuru: ukurasa wa sahihi na dole gumba za wafugaji wote, ambao mzee alikuja nao tayari kutoka bondeni, hauna kichwa chochote. Sikuwa na cha kupiga pale. Enock amewarudishia kurasa hizo, zote tatu. Zinazotakiwa upya ni zile mbili za mwanzo, na zifike kesho kabla ya saa sita.


Ijumaa, 17 Julai

Nimekaa. Miguu inauma. Niandike kwa utaratibu.

Saa moja na nusu nilivuka barabara bila tai. Nikamwambia Coleta yote, hata habari ya kidole. Nilitegemea kicheko. Hakucheka. Aliniuliza tu kama mzee amekunywa chai. Akasema barua yote imo ndani ya diski, atairudishia mistari yake na kuichapa kwa dakika kumi.

Akawasha. Hakikuwaka kitu. Umeme haukuwepo, umekatika tangu usiku, mtaa mzima.

Wiki nzima nimeomba umeme ukatike. Namwomba Mungu radhi, na namshukuru kwa kutonisikiliza Jumatatu.

Saa mbili, hakuna. Saa tatu, hakuna. Coleta akachukua kiti chake cha kuzunguka, akakivusha barabara mpaka barazani kwangu, akakaa. Akasema baba, tuchape kwa mkono, mimi nasoma rasimu, wewe piga, tukipata hata nakala moja ni afadhali, huenda Enock akatuelewa. Mzee Malimi akashikilia karatasi zisipeperuke, shuka zake mbili zikatukinga upepo. Nikaanza. Mkono ulijua njia.

Tulikwenda vizuri mpaka YAH. Coleta akasema tuache bila mstari, muda hautoshi. Alikuwa na haki. Nikasema sawa. Nikairudisha rola mpaka mwanzo.

Sijui ilikuwaje. Ishirini na sita ni miaka mingi. Nilipiga wa kwanza, halafu wa pili, maana ni barua ya kuomba. Coleta akasubiri. IDADI YA MIFUGO, nikarudi tena. Akasema baba. Nikasema huu ni wa mwisho. HASARA TULIYOPATA, nikarudi. Mzee Malimi akatazama jua. Saa nne na nusu tulikuwa bado ukurasa wa pili, na mistari yangu ilikuwa chini ya maneno kabisa, safi, mahali pake, na haikuwa na faida yoyote kwa mtu.

Saa tano na dakika kumi redio ya fundi viatu ikaanza kuimba. Umeme! Coleta aliinuka akakimbia, kiti kikabaki barazani kikizunguka. Nilimfuata. Alifungua barua, akavuta mausi, akabonyeza, YAH ikavaa mstari. Akabonyeza, IDADI ikavaa. Vichwa saba. Nilihesabu pumzi zangu, zilikuwa tisa. Printa ikalia mlio wake mbaya, mzuri, na karatasi zikaanza kutoka. Kurasa mbili mara tatu. Hakuna hata herufi moja iliyosogezwa. Sijawahi kuipenda mashine isiyo yangu, lakini ile niliigusa ubavuni.

Nikaomba nikimbie mimi. Mzee Malimi ana nguvu lakini hajui njia za mkato. Nilikimbia na bahasha ndani ya sweta, nikapita nyuma ya soko, nikaruka magunia ya ulezi ya watu, nikamwamkia mama mmoja nikiwa hewani. Nilifika saa sita kasoro dakika saba. Enock alizipokea, akageuza, akazilinganisha na za sahihi, akagonga muhuri. Nilimwomba anionyeshe muhuri. Akanionyesha.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikalia kidogo. Machozi ya shukrani.

Nimeahidi mbele ya Mungu, Getruda na shajara hii: sitagusa tena karatasi ya mtu ambayo imeshakamilika.


Jumapili, 19 Julai

Misa ya kwanza. Nimetoa shukrani: debe la mahindi na kuku mmoja. Kuku alitoroka chini ya mabenchi wakati wa vipaji, akashikwa na kwaya. Nashukuru ameshikwa.


Jumamosi, 25 Julai

Wamepata! Majina yametangazwa jana na josho ni la Mtowisa. Mafundi wanashuka bondeni mwezi ujao.

Mzee Malimi amepanda tena na lori, safari hii na shuka tatu. Ameleta mchele wa Mtowisa, gunia la Coleta na debe langu. Nilikataa. Alinikazia macho, nikapokea. Alisema hana kinyongo, kila mtu ana siku yake ya kupotea porini, muhimu ni kurudi na ng'ombe. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili na sikutaka kuuachia. Nina bahati ya kufahamiana na watu kuliko ninavyostahili.

Na Coleta! Amenipa kazi. Nihamie ndani kwake na taipureta yangu, niwe naandika siku za umeme kukatika, siku nyingine nifungashe na kusahihisha. Getruda alipopata habari alikwenda kumshukuru mwenyewe, na nadhani alimwambia mambo mengine pia, maana Coleta alibaki anatikisa kichwa. Meza yangu ipo kwenye lile vuguvugu, karibu na printa. Nimefundishwa kuvalisha mstari. Nimeuweza mara nne kati ya sita.

Mzee Malimi alisema jambo moja wakati anaondoka, nami naliandika hapa lisinipotee. Enock alimweleza kwamba barua zilikuwa thelathini na moja, zote zimepigiwa mstari, zote zinafanana, mpaka wakubwa walichoka kuzifungua. Wakamwuliza yeye karani anaikumbuka ipi. Alikumbuka ya Mtowisa. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo iliyokuja kwanza imekatwa. Ndiyo wakaisoma kwanza, wakaona habari za ndama, wakaiweka juu.

Nimelifikiria jambo hili tangu alipopanda lori.


Jumatano, 29 Julai

Nimejaa shukrani kiasi kwamba nimekosa pa kuiweka. Leo nimepata.

Coleta anaolewa. Harusi ni tarehe 29 Agosti. Juzi alichapa kadi zake mwenyewe, mia moja na ishirini, nzuri, maua pembeni, jina lake na la Flavian yamekaa katikati na mstari chini yake. Jumatatu jioni akaenda kwao Kasense kwenye vikao, akaniachia kadi nizitie kwenye bahasha na kuzisambaza. Kazi ya mtu anayeaminiwa. Nilimwambia awe na amani.

Jana niliziangalia zote mezani. Zinafanana. Mtu atapokea, ataweka juu ya kabati, basi. Coleta hana shida, mji mzima unamfahamu. Flavian ndiye tatizo. Ni kijana mzuri lakini ni mtu wa Kabwe, anauza samaki, hapa hajulikani, jina lake linapita machoni bila kushika. Nikajiuliza binti huyu amenifanyia mangapi, na mimi nimemfanyia nini. Ahadi yangu ya Ijumaa ile naikumbuka vizuri, ila ilihusu makosa. Hii ni zawadi.

Nimezipiga zote mia moja na ishirini. Jina la Flavian tu. Mistari miwili, katikati ya herufi, na safari hii sikuhangaika na meno ya rola, imekaa palepale nilipoitaka kuanzia kadi ya kwanza. Ukipitisha kidole kwa nyuma unamsikia.

Zimeshaondoka. Za Mtowisa zimeshuka na lori la leo. Za Kabwe wamezichukua ndugu zake Flavian, bahasha zikiwa zimegundishwa vizuri. Ya paroko nimeipeleka kwa mkono. Aliifungua mbele yangu, akaitazama kwa muda mrefu sana. Akavua miwani. Akaniuliza Coleta anaendeleaje. Nikamwambia ana furaha kubwa, hajawahi kuwa hivi. Paroko akasema Mungu ampe nguvu, akavaa koti, akaomba apelekwe Kasense sasa hivi kwa wazazi wa binti.

Kadi ya kawaida isingemtoa ofisini.